Uzoefu wangu: nilipeleka kijitabu cha mchezo kuchapwa Kariakoo, wakanirekebishia namba

Naanza na sifa, maana nikishafika ukurasa wa 19 sitakuwa na sifa mdomoni. Duka ni la uchapaji, Kariakoo. Mtaa siutaji na jina silitaji. Nilipeleka kijitabu cha mchezo wa uhusika wa mezani, yaani ule ambao kila mchezaji anaigiza mtu wa hadithi na dadu zinaamua yanayotokea, kurasa 28 za A5, nakala 20. Kava limetoka safi. Karatasi nene haikupasuka mgongoni kwa sababu waliipiga mfereji kwa mashine kabla ya kuikunja, kitu ambacho maduka mengi hayajihangaishi nacho. Pini mbili zimekaa kwenye mkunjo wenyewe, hazikwenda kombo. Ukingo umekatwa baada ya kukunja, siyo kabla, kwa hiyo kurasa za katikati hazijachomoza nje kama ulimi. Karatasi za wahusika, zile ambazo kila mchezaji anaandika habari za mtu anayemwigiza, walizitoa kwenye bondi ya kawaida ya gramu 80 kama nilivyoomba, wala hawakunibembeleza nichukue ya kung'aa. Kwenye ya kung'aa penseli inateleza, na karatasi ya mhusika inafutwafutwa usiku kucha. Bei sina neno.

Sasa tufungue ukurasa wa 19.

Hapo ndipo lilipo jedwali la mikasa, mistari 36, na ndilo injini ya mchezo mzima. Wachezaji ni watu waliomo kwenye daladala ya mwisho ya usiku: dereva, konda, abiria watatu wanne. Gari likikaribia kituo, mmoja anarusha dadu mbili, msimulizi anayeongoza hadithi anasoma mstari, safari inageuka. Dadu hizo hazijumlishwi. Ya kwanza ni makumi, ya pili ni mamoja. Ikitoka nne na mbili, unasoma 42. Kwa hiyo namba zinaanza 11 hadi 16, zinaruka kwenda 21 hadi 26, zinaruka tena kwenda 31, hivyo hivyo mpaka 66. Hakuna 17. Hakuna 20. Haziwezi kuwepo, kwa sababu dadu haina saba wala sifuri.

Kijana wa kompyuta akaona mapengo. Akayaziba.

Yaani jedwali limechapwa 11, 12, 13, 14, 15, 16, 17, 18, 19, 20, likaendelea bila kupumua hadi 46. Maneno ya mistari hayakuguswa, hata koma. Namba tu. Nakala zote 20, zimekunjwa, zimepigwa pini, zimekatwa, zimefungwa kwa rababendi tano tano.

Kilichotokea ni rahisi, na mwenyewe alinieleza kwa fahari kabisa. Nilimpa PDF. Akaona pambizo la ndani ni jembamba, maandishi yataingia kwenye mkunjo (hapo alikuwa sahihi). Badala ya kuniambia, akalifungua faili kwenye Word ili asogeze. Ukifungua PDF kwenye Word, majedwali ndiyo ya kwanza kuvurugika: safu ya namba ikatawanyika, nyingine zikapanda juu ya maneno. Akazifuta zote, akaweka namba za kujiendesha zianze na 11. Programu ikahesabu kama inavyojua kuhesabu.

"Dada, ulikuwa umeruka namba nyingi sana, nikakuwekea sawa."

Nikamwambia, mdogo wangu, sikuruka, hizo ni namba za dadu.

"Dadu inaishia sita, dada. Sitini na sita unaitoa wapi?" Akacheka, akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri kadi za harusi: "Ludo ya watu wazima hii." Halafu akanirudia: "Na kama ni dadu mbili si unajumlisha? Mwisho kumi na mbili."

Mteja wa kadi za harusi naye akacheka. Haya.

Kwa kuwa nilichekwa, nieleze hasara yenyewe, asije mtu akadhani ni ugomvi wa namba tu. Kwenye jedwali lililochapwa kuna namba 36, ila dadu zinaweza kufikia 24 kati ya hizo. Kumi na mbili, yaani 17 hadi 20, 27 hadi 30 na 37 hadi 40, hazitoki hata mkikaa mnarusha mpaka alfajiri. Upande wa pili, dadu ya makumi ikitoka tano au sita hakuna mstari wa kusoma, maana jedwali limeishia 46. Hiyo ni theluthi ya mirusho yote. Kila mara ya tatu, kwa wastani, msimulizi anatazama karatasi na hakuna kitu. Wachezaji watano wanamtazama yeye.

Na hilo bado ni dogo. Jedwali la namna hii halipangwi ovyo. Dadu ya kwanza inabeba aina ya mkasa: moja ni gari lenyewe, mbili ni abiria, tatu ni barabara, nne ni trafiki na wenye mamlaka, tano ni hali ya hewa, sita ni mambo yasiyoelezeka. Ndiyo raha ya kusoma dadu mbili kama makumi na mamoja: msimulizi akijua tayari gari limesimamishwa na trafiki, anaiweka ya kwanza kwenye nne, anarusha ya pili peke yake, anapata moja ya sita. Huwezi kufanya hivyo ukijumlisha.

Sasa weka namba za kijana. Mikasa ya abiria ilikuwa 21 hadi 26. Minne ya kwanza imeangukia 17 hadi 20, imezikwa. Humo ulikuwemo mstari bora kuliko yote kitabuni, ule wa 21: "Abiria wa siti ya nyuma anamwita dereva kwa jina la utotoni. Dereva hamjui." Haupatikani tena. Ukirusha mbili na tatu ukitaka abiria, unapata shimo la barabarani. Trafiki ameenda thelathini na ngapi huko. Na ile mistari sita ya maajabu, iliyokuwa 61 hadi 66, imekaa sasa 41 hadi 46, kwa hiyo msimulizi anayeweka nne ili apate askari wa kukagua leseni anapata mwanamke asiye na kivuli anayelipa nauli kwa sarafu za zamani. Mara ya kwanza wachezaji watafurahi. Mara ya tatu mfululizo watauliza kama mchezo una trafiki kweli.

Mwenye duka alikuja baadaye, mzee mpole. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akasikiliza pande zote mbili. Akapendekeza tuandike kanuni ya kubadilisha chini ya ukurasa. Na kanuni ipo, inafanya kazi: toa moja kwenye dadu ya kwanza, zidisha kwa sita, jumlisha dadu ya pili, ongeza kumi. Ukirusha nne na mbili: tatu mara sita ni 18, na mbili 20, na kumi 30. Mstari wa 30 uliochapwa ndio wangu wa 42. Ila jaribu kuifanya hesabu hiyo katikati ya usiku wa hadithi, mtu ametoka kusema "mlango umefunguka wenyewe," halafu kila mtu asubiri uzidishe kwa sita. Mchezo wa mezani unakufa hapo hapo. Dadu zinatakiwa zisomwe kwa jicho, si kwa kikokotoo.

Nikadai ukurasa uchapwe upya. Hapa ndipo watu wasiojua vitabu vya pini hushangaa: huwezi kubadilisha ukurasa mmoja. Kijitabu cha kurasa 28 ni karatasi saba za A4 zilizokunjwa, kila moja inabeba kurasa nne. Wa 19 umelala na wa 10 upande mmoja, nyuma yake ni wa 9 na wa 20. Ni karatasi ya tano ukihesabu kutoka kwenye kava, ya tatu ukihesabu kutoka katikati. Kwa hiyo ni kunyanyua miguu ya pini kwa bisibisi nyembamba, kutoa zile za katikati, kuchomoa, kuingiza mpya, kupiga pini upya kwenye matundu yale yale. Mara 20. Karatasi mpya nayo ikatwe kabla ya kuingia, na ikizidi hata milimita moja inaonekana ukingoni. Walikubali kuchapa karatasi bure. Kuchomoa na kuingiza, nikaambiwa, "hiyo sasa ni kazi mpya." Nyota moja. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja kichwani.

Halafu nikasoma kijitabu changu mwenyewe kama mtu asiyenijua, na hapa inaniuma kuandika.

Maelezo ya kusoma makumi na mamoja yako ukurasa wa 3. Jedwali liko wa 19. Kwenye ukurasa wa jedwali hakuna neno moja linalosema namna ya kurusha. Kijana alikuwa mbele ya kurasa mbili zilizotazamana, hana sababu ya kurudi wa 3. Na lile swali lake la kujumlisha, ambalo nililiona la kijeuri, hakulibuni. Ukurasa wa 8 unasema matendo ya wahusika yanaamuliwa kwa kujumlisha dadu mbili: 6 kushuka chini umekwama, 7 hadi 9 unafanikiwa kwa gharama, 10 kupanda juu umefanikiwa. Kwa michanganyiko 36, hiyo ni 15, 15 na 6. Hesabu nzuri, naipenda, inawabana wachezaji bila kuwaua. Lakini maana yake dadu zile zile mbili zinasomwa kwa njia mbili tofauti ndani ya kitabu kimoja, na hakuna alama inayotofautisha. Aliyekosea anajumlisha kwenye jedwali la mikasa, anapata majibu 11 tu, na saba inamjia mara sita zaidi ya mbili. Na kwa kuwa jedwali linaanza 11, ni mstari wa 11 na wa 12 tu inayofikiwa; mingine yote inabaki pambo. Kijana alikuwa ameisoma wa 8. Mhariri wangu hakuisoma kwa makini hivyo.

Kuna na lile la rangi. Niliandika "dadu nyekundu ni makumi, nyeupe ni mamoja" na picha pembeni. Uchapaji wa kurasa za ndani ulikuwa wa nyeusi na nyeupe. Nyekundu imetoka kijivu, na nyeupe nayo ina kivuli cha kijivu. Hilo halikuwa la duka. Nililiagiza mwenyewe na kulilipia.

Kwa hiyo nyota moja naifuta. Ila kucheka mbele ya mteja sikufuti, kijana, hata kama swali lilikuwa zuri. Na kazi ya watu haifunguliwi kwenye Word kimya kimya. Ungesema tu "dada, pambizo ni dogo," ningelirekebisha kwenye simu kabla soda haijaisha.

Wenye majedwali ya namna hii mnaotaka kwenda madukani kama hili, safu ya namba iondoeni kabisa. Tumia gridi ya sita kwa sita, juu picha za nyuso za dadu ya mamoja, kushoto picha za dadu ya makumi. Picha hakuna programu itakayoihesabu. Kama mistari ni mirefu na gridi haitoshi kwenye A5, basi gawa makundi sita yenye vichwa vya maneno, Gari, Abiria, Barabara na kuendelea, ndani yake 1 hadi 6. Hata wakiweka namba za kujiendesha, zikianza upya kila kundi hazina pa kuharibika. Ukurasa wote ugeuzeni picha ya nukta 300 kwa inchi kabla ya kuutia kwenye PDF. Pambizo la upande wa mkunjo lisipungue milimita 15. Badala ya rangi, semeni dadu kubwa na ndogo, au ya kushoto na ya kulia kwa anayerusha. Dadu za ludo zinapatikana kila kona ya mji huu, lakini mara nyingi zote ni nyeupe.

Na sampo. Ombeni sampo ya kijitabu kizima kilichopigwa pini, siyo ukurasa mmoja wa kava wanaokuonyesha ukishangaa rangi. Mimi nilionyeshwa kava, nikashangaa rangi.

Hadi leo nimeshafungua vijitabu 13 kwa bisibisi, saba bado. Pini za upande wa chini ndizo zinazovunjika, kwa hiyo nunua pini za akiba za ukubwa ule ule. Kava, mkunjo na ukataji: nyota tano, na mkataji aongezewe chai. Kaunta: mbili. Ukurasa wa 19 tugawane, nusu yao, nusu yangu. Toleo linalofuata nalipeleka hapo hapo, kwa kijana yule yule, na nitamwekea dadu mbili mezani kabla hajawasha kompyuta.