Gereji ya Breki Ndeeba: Bei Hutajwa Gurudumu Likishafunguliwa

Kwa mwenye gari kuukuu la Kijapani hapa Kampala, breki zikiharibika huwa kuna mambo mawili ya kushughulikia: ubovu wenyewe, na bei ambayo fundi huitaja kabla hata hajaugusa. Gereji ninayoieleza hapa, iliyoko Ndeeba, inastahili sifa kwanza kabisa kwa sababu ilikataa kunitajia bei mpaka magurudumu ya mbele yafunguliwe. Gari langu, Toyota ndogo, lilikuwa likivuta kushoto kila nilipokanyaga breki, likitoa mlio mwembamba wa chuma, na pedali ilikuwa ikitetemeka mguuni kila nilipopunguza mwendo kwenye barabara ya Bombo. Gereji nyingine niliyoipitia kabla ya hapo haikupiga hata jeki. Ilinidai shilingi 600,000 kwa diski mpya, kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na pedi za magurudumu manne, ilhali magurudumu ya nyuma ya gari hilo yana breki za dramu, ambazo hazitumii pedi kabisa.

Huku Ndeeba fundi alizitoa pedi za gurudumu la kulia akazipanga juu ya kipande cha boksi. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12, na ikifika 3 hivi haifai kuachwa. Ya ndani ilikuwa imelika hadi karibu na bati la mgongoni mwake, ya nje ikiwa imetumika kidogo tu. "Mama, hii imekwisha, na hii bado ina nyama," alisema, kisha akanionyesha pini ya kalipa, kavu, yenye kutu na vumbi jekundu la murramu lililogandamana na mabaki ya grisi. Pini hiyo ikikwama, kalipa haiwezi kuteleza na kuivuta pedi ya nje ibane diski, hivyo pedi ya ndani hubeba kazi yote, upande ule wa gari ukashika breki kwa unyonge, na gari likavutwa upande wa pili. Ule mlio nao ulitoka kwenye kibati kidogo kilichowekwa kiwandani ili kikwaruze diski pedi inapokaribia kwisha. Kwa hiyo kalipa mpya haikuhitajika. Ilihitajika kusafishwa, kutiwa grisi inayostahimili joto na kubadilishiwa mipira.

Mtetemeko wa pedali ulitokana na diski ambazo unene wake haukuwa sawa pote. Fundi alizipima kwa maikromita, akalinganisha na kipimo cha chini kabisa kilichochapwa kwenye diski zenyewe, akaona zinaweza kukerezwa (kuchongwa kwa mashine ziwe sawa) na bado zikabaki juu ya kipimo hicho. Hapa ndipo mteja huokoa fedha nyingi, au huzipoteza, maana fundi asiyepima hana jinsi ya kujua kama diski ni ya kukereza au ya kutupa.

Hesabu niliyoandikiwa ilitenganisha kila kitu: pedi za mbele shilingi 90,000, kukereza diski mbili 60,000, mafuta ya breki 30,000, mipira na grisi 20,000, na ufundi 50,000. Jumla ni 250,000, na spea za zamani nilikabidhiwa bila ya kuziomba.

Kasoro zipo, na mojawapo si ndogo. Mafuta ya breki waliyotaka kuyatumia yalikuwa kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa, nami nikadai iliyofungwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakiingia humo kiwango cha kuchemka hushuka sana: aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Dereva anayezunguka mjini kwenye msongamano huenda asione tofauti, ila anayeteremka milima ya Kapchorwa au Kabale huku amekanyaga breki muda mrefu anaweza kukuta mvuke umejaa kwenye mirija na pedali inazama bila kushika chochote. (Kuteremka kwa gia ndogo husaidia, ingawa wenye matatu wengi hawana subira hiyo.) Chupa mpya ililetwa, baada ya mabishano ambayo hayakuwa ya lazima.

Vumbi la breki nalo lilipulizwa kwa mpira wa upepo, wateja tukiwa tumekaa karibu. Vumbi hilo halifai kuvutwa puani, na kitambaa kilicholoweshwa kingetosha. Tena, gereji hailijaribu gari barabarani isipokuwa mteja asisitize, jambo la ajabu kwa kazi ambayo ubora wake hujulikana gari likiwa kwenye mwendo.

Kuhusu pedi, bei yao ilikuwa juu kuliko niliyotajiwa baadaye kwenye maduka ya spea ya Kisekka kwa pedi za aina ileile. Gereji hukubali spea za mteja, lakini hapo dhamana yao inabaki kwenye ufundi pekee. Breki za nyuma nitawapelekea wao, ila vipuri nitavinunua mwenyewe Kisekka, nikiwa na kile cha zamani mkononi ili nilinganishe umbo na matundu kabla ya kulipa.