libwebrtc au Pion: ipi utaimudu kuitunza?
Zote ni maktaba huria za WebRTC, teknolojia ya kurusha sauti na video moja kwa moja kati ya vivinjari na programu, lakini kwenye utunzaji ni mbingu na ardhi. libwebrtc, ya C++, haina toleo thabiti: unafuata matawi ya Chrome yanayotoka kila baada ya wiki chache, na API (vitendaji ambavyo msimbo wako unaviita) hubadilika njiani. Amri ya kupakua msimbo wake, `fetch webrtc`, peke yake inakula gigabaiti kadhaa za diski. Ukilala miezi sita, viraka vyako (mabadiliko uliyoyaongeza mwenyewe) vitagongana na msimbo mpya, faili baada ya faili.

Pion imeandikwa kwa Go. Toleo kuu limo ndani ya njia yenyewe ya kuagiza maktaba (import path), `github.com/pion/webrtc/v4`, hivyo anayetumia v3 havunjikiwi. Unataka iendeshwe kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo? `GOOS=linux GOARCH=arm64 go build`, basi. Ila haikubebei kizuia mwangwi: programu ya kupiga simu, chukua libwebrtc, seva, Pion bila kusita.