Banda la mama wa juisi Mabibo: buku moja, benchi gumu, na ubishi wa nani acheze nchi yake ikiwa vitani

Wadau, leo nataka niongelee banda umiza moja lipo mitaa ya Mabibo, Dar, kama dakika tano kwa mguu toka soko la Mahakama ya Ndizi, halina hata kibao, we ukimwambia bodaboda nipeleke kwa mama wa juisi anakufikisha. Naenda pale tangu 2022 na sijaacha. Nimeona watu wengi wanasifia sehemu za kuangalia mpira kwa sababu ya skrini kubwa na nyama choma, hili mimi nalisifia kwa sababu nyingine kabisa, ila ngoja nianze na ya kawaida ili mwenye haraka zake apate anachotaka.

Kiingilio buku mechi kubwa, jero zile za mchana. Riadha na michezo mingine hulipi, ila ununue hata glasi moja ya juisi ya miwa, ina tangawizi na ndimu, tamu kweli. Tivii ziko mbili, kubwa ya mbele na ndogo ya pembeni. Mabenchi ya mbao hayana pa kuegemea, ukimaliza dakika tisini kiuno kinakwambia. Feni mbili lakini inayozunguka ni moja. Juu ni bati tupu, kwa hiyo mvua ikishuka mtangazaji humsikii. Jenereta ipo na inafanya kazi, umeme ukikata yule kijana anavuta kamba mara mbili tatu mnaendelea, hapo nawapa maksi zote, maana banda nililokuwa naenda zamani (silitaji jina) umeme ulikata fainali iko dakika ya themanini, mwenye banda akatuambia poleni, na hela zetu hakurudisha.

Sasa kilichonifanya nihamie moja kwa moja ni kwamba mama mwenye banda rimoti anashika yeye na anapenda michezo yote. Mimi nafundisha watoto kukimbia jioni kwenye uwanja wa shule, hela hamna ila ndio kitu nakipenda, kwa hiyo mtu anayeonyesha riadha kwenye banda umiza mimi huyo namheshimu sana. Olimpiki ya Paris 2024 tuliangalia karibu yote pale, na ndipo ubishi ulipoanza.

Ilikuwa tarehe 2 Agosti, jioni, trampolini, ule mchezo wa kurukaruka hewani na kujipindua. Nusu ya watu walikuwa wanasubiri mpira tu. Akashinda kijana wa miaka 23 anaitwa Ivan Litvinovich, dhahabu, wa pili na wa tatu wote Wachina. Wakati wa kupandisha bendera zikapanda mbili za China, na katikati ikapanda kitu cha rangi ya kijani cha bahari kina herufi AIN. Ukapigwa muziki hauna maneno. Kijana amesimama pale juu mdomo umefungwa, hana cha kuimba. Jamaa mmoja nyuma akauliza, sasa hii AIN ndio nchi gani? Banda zima kimya, hakuna aliyejua, hata mimi mwalimu wa michezo sikujua.

Aliyejibu ni mzee mmoja sisi tunamuita Babu, anakaa benchi la pili kushoto siku zote. Akasema huyo ni mtu wa Belarus, na Belarus ndio iliyompa Mrusi njia ya kuingilia Ukraine, kwa hiyo wao na Warusi wamekuja bila nchi, wanaitwa wanamichezo binafsi wasio na upande, ndio hiyo AIN kwa Kifaransa. Tukaanza kutafuta kwenye simu. Kweli, Paris walikuja 32 tu, Warusi 15 na Wabelarus 17. Timu hazikuruhusiwa, ni mtu mmoja mmoja. Aliyeunga mkono vita hadharani hakuruhusiwa, mwenye mkataba na jeshi au vyombo vya usalama hakuruhusiwa, kwenye ufunguzi hawakupanda boti pale mto Seine na wenzao, na medali zao tano hazimo kwenye jedwali. Na kwenye riadha ndio kabisa, shirikisho lao la dunia liliwafungia Machi 2022 na Paris hakukimbia hata mmoja.

Mimi siku hiyo nilikuwa upande wa kijana. Nikasema jamani huyu kosa lake nini, amezaliwa akakuta nchi ina rais huyohuyo, kazi yake kuruka, mwacheni aimbe wimbo wake. Maana nawaona watoto wangu pale uwanjani, ukimwambia mtoto hutakimbia kwa sababu ya kitu alichofanya mtu mwingine mkubwa huko, anakuangalia usoni mpaka unakosa jibu. Watu wakaniunga mkono. Michezo na siasa mbalimbali, ndio ilikuwa kauli ya banda zima.

Babu akasubiri tumalize. Halafu akaniuliza, mwalimu, 1976 sisi tulikuwa wapi?

Nikakumbuka na moyo ukanishuka. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, mita 1500, Bayi anaongoza toka mwanzo mpaka mwisho anaweka rekodi ya dunia 3:32.2, John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ikawa inasubiri marudiano yao Olimpiki ya Montreal 1976. Hayakuwepo. Timu ya raga ya New Zealand ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule watoto wa Soweto wanapigwa risasi, Afrika ikataka New Zealand itolewe, Kamati ya Olimpiki ya dunia ikakataa ikasema raga siyo mchezo wa Olimpiki, na Tanzania ikawa mstari wa mbele kugoma. Kenya nayo haikukimbia, mkimbiaji wao Mike Boit akabaki nje. Walker akachukua dhahabu yake kwa 3:39.17, yani muda ambao Bayi angeukimbia huku anaangalia nyuma.

Babu akasema, siku ile Bayi alilipa yeye, na hakuwa na kosa lolote, na sisi wote tulisema sawa. Leo mnasema michezo na siasa mbalimbali?

Hakuna aliyejibu. Mama akaongeza sauti ya tivii.

Toka siku hiyo hii mada haijaisha pale bandani, na ndio maana naliandikia. Kila mtu ana lake. Kwa mfano Olga Kharlan, yule dada wa Ukraine wa mchezo wa vitara. Julai 2023 kule Milan alimpiga Mrusi Anna Smirnova 15 kwa 7, akakataa kumpa mkono, akanyoosha kitara waguse vitara badala yake. Smirnova akakaa chini palepale ulingoni kama dakika arobaini na tano, na Kharlan akaondolewa mashindanoni kwa kosa la kutoshikana mkono. Baadaye wakubwa wa Olimpiki wakamhakikishia nafasi ya Paris. Sisi tukamuona Paris kwa macho yetu akiwa nyuma 5 kwa 11 akageuza mpaka 15 kwa 14, shaba, akapiga magoti, medali akasema ni ya wanamichezo wenzake wa Ukraine waliouawa hawakufika. Kuna mama anauza mboga nje ya banda aliingia kwa kelele zetu, akaelezewa, akasema mtu nyumbani kwako wanazika halafu wewe unalazimishwa kumpa mkono, hapana jamani. Mimi mpaka leo sentensi ile ya yule mama naiona ina uzito kuliko kanuni yote ya shirikisho lao.

Na Yaroslava Mahuchikh, wa kuruka juu, alitoka Dnipro Machi 2022 mabomu yanapiga, siku tatu barabarani kwa gari mpaka Belgrade, akafika akachukua dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha ya ndani ya ukumbi. Paris akachukua ya Olimpiki. Nikawaza kama pembeni yake angekuwepo mshindani na bendera ya nchi inayopiga mji wake usiku uleule, angesimamaje kwenye mstari wa kuanzia kukimbia? Nafundisha watoto, najua kichwa kikiwa hakijatulia mguu hauruki. Hapo nikaachana na ule msimamo wangu wa kwanza. Bendera ya taifa linalovamia wenzie haifai kupanda pale, maana bendera siyo ya yule kijana, ni ya wenye mizinga, na wao ndio wanaopigia picha medali.

Lakini sasa mizani. Hapa ndipo banda linapowaka moto na mimi najiunga. Marekani iliingia Iraq 2003, mwaka uliofuata Athens walikuja na bendera yao na wimbo wao, hakuna aliyeambiwa AIN. Israel Paris walipanda boti na bendera yao wakati Gaza inapigwa, na kamati ya Olimpiki ya Palestina ilikuwa imeandika barua kuomba wazuiwe. Jibu la wakubwa ni kwamba kamati ya Urusi ilifungiwa Oktoba 2023 kwa kuchukua mabaraza ya michezo ya mikoa ya Ukraine iliyotekwa, Donetsk, Luhansk, Kherson na Zaporizhzhia, na kwamba wengine hawajafanya hivyo. Sawa, kanuni ni kanuni, ila mzazi aliyefiwa na mtoto hasomi vifungu. Ukisema vita inamtoa mtu bendera, basi imtoe kila anayepiga vita ya kuvamia, mkubwa na mdogo. Nalisema hili siyo kumtetea Mrusi, naomba nieleweke vizuri, nasema kwa sababu kipimo kikiwa cha mtu mmoja hata yule anayestahili kupimwa anapata pa kujitetea.

Na jambo lenyewe siyo la mbali na sisi. Pale bandani anakuja jamaa wa Bukavu, Congo, mpole, anauza vitenge. Januari 2025 mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 hakuja wiki nzima. Aliporudi ilikuwa mechi ya Arsenal, na banda letu lina Arsenal wengi, kila jezi mkononi ilikuwa imeandikwa Visit Rwanda. Congo inasema Rwanda iko nyuma ya M23, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyohivyo, Rwanda inakanusha. Kipindi hicho serikali ya Congo iliziandikia Arsenal, Bayern na PSG ziachane na hilo tangazo. Yule jamaa hakugombana na mtu, alihama tu benchi akakaa mbele kabisa ili asione mikono ya watu. Mama mwenye banda aliona, akamletea juisi, hakumtoza. Kuna huduma ambayo huwezi kuiweka kwenye bei.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa Tokyo, Septemba 2025, marathoni ya dunia. Kule asubuhi, huku kwetu usiku wa manane. Mama alifungua banda kwa ajili yetu watu kama kumi na mbili, jenereta imepumzika, umeme upo, mbu wapo pia. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wakaingia uwanjani pamoja, wote 2:09:48, ikaamuliwa kwa picha, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Nililia, sioni haya kusema. Babu alisimama kwenye benchi, mzee yule na magoti yake.

Tukiwa bado tunashangilia Babu akanigusa bega akasema, Simbu ni askari wa JWTZ, unalijua hilo? Nalijua, kila mtu analijua. Akasema kwa zile sheria za AIN, siku Tanzania ikiambiwa iko vitani vibaya, huyu hakimbii hata bila bendera. Na Petros unayemuona pale ni mtoto wa Eritrea aliyeingia Ujerumani kama mkimbizi. Nikakaa kimya. Maana nusu ya wakimbiaji wetu wanakula kwa jeshi, polisi na magereza, Kenya hivyohivyo, kwa sababu hakuna mwingine anayemlipa mtu akimbie. John Akii-Bua wa Uganda aliyechukua dhahabu ya viunzi Munich 1972 alikuwa polisi, wakati wa Idi Amin, na 1979 vita vyetu na Amin vilipofika Kampala akakimbilia Kenya. Mwaka mmoja baadaye Moscow 1980, Urusi ya Kisovieti yenyewe iko vitani Afghanistan, Kenya imegoma, Bayi na Suleiman Nyambui wakatuletea medali mbili za fedha, na mpaka leo hatuna medali nyingine ya Olimpiki. Akii-Bua naye alikimbia Moscow hiyohiyo. Watu ambao mwaka uliopita nchi zao zilikuwa zinapigana wakavaa viatu uwanja mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu kwa sasa, na Babu hakubaliani nao, yeye anataka wote watolewe kama Afrika ilivyotaka 1976: timu ya taifa na bendera zikae nje, kwa kila mvamizi bila kuchagua, mtu mmoja mmoja aje kama hajashangilia vita, askari aangaliwe amefanya nini siyo tu mshahara wake unatoka wapi, na aliyevamiwa asilazimishwe kumpa mtu mkono.

Turudi kwenye banda. Choo ni cha jirani, beba chenji. Chipsi hawapiki, mwenye chipsi yuko ng'ambo ya barabara na anakuletea mpaka ndani. Matusi hayaruhusiwi, mama anatoa mtu bila kurudisha kiingilio na nimeshuhudia. Nawapa nne kwa tano, moja nimeikata kwa ajili ya feni na bati. Jumamosi fika mapema, na ukikuta nafasi benchi la pili kushoto, kabla hujakaa msalimie yule mzee shikamoo, akikwambia marahaba jua jioni yako imeshapangwa.