Novosibirsk: shuka, usipitilize

Wengi wanaopanda treni ya Moscow kwenda Vladivostok hupitiliza Novosibirsk, haraka yao ni Ziwa Baikal. Mimi ni mtoto wa fundi wa TAZARA, nimekulia Mbeya katikati ya harufu ya dizeli, kwa hiyo nilishuka makusudi.

Stesheni kuu peke yake inatosha kukushusha. Ilifunguliwa 1939, jengo kubwa la kijani-buluu lenye upinde mrefu mlangoni na kumbi za dari za juu. Mizigo inapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo usifike dakika za mwisho. Saa ya Moscow ni ile ile ya Dar, na huku wametangulia kwa saa 4. Siku hizi tiketi huandikwa saa za mahali ulipo, usibabaishwe na vitabu vya zamani vya wageni.

Mji wenyewe umezaliwa na reli. Mwaka 1893 walianza kujenga daraja la kuvuka Mto Ob, kambi ya vibarua ikageuka mji, na leo una watu zaidi ya milioni 1.6, wa tatu kwa ukubwa Urusi. Kipande cha daraja lile la kwanza wamekiweka bustanini kando ya mto. Nenda ukakiguse, ila kwa glavu. Nyuzi 20 chini ya sifuri chuma kinanasa ngozi. Kisha panda metro kutoka Rechnoy Vokzal hadi Studencheskaya: inavuka mto juu kwa juu, ndani ya daraja lililofunikwa lenye madirisha. Jumba la opera, kubwa kuliko Bolshoi ya Moscow, nililiangalia kwa nje nikapita. Opera si fani yangu.

Kilichonimaliza ni makumbusho ya treni pale stesheni ya Seyatel, kusini mwa mji. Treni za mjini zinafika. Vichwa vya mvuke, vya dizeli na vya umeme vimepangwa nje kwenye reli, pamoja na mabehewa ya zamani, likiwemo la kusafirishia wafungwa. Hapo ndipo utakapoelewa tofauti: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, yao 1,520. Ukisimama chini ya kichwa cha mvuke, gurudumu linakuzidi kimo au karibu. Kasoro ni kwamba maelezo karibu yote ni ya Kirusi. Fundi ataelewa kwa macho, wengine mtahitaji programu ya kutafsiri kwenye simu. Na wakati wa baridi hakuna pa kujificha, vaa viatu vyenye soli nene, la sivyo utakimbia kabla hujafika nusu.

Pesa: beba taslimu. Visa na Mastercard za kwetu hazifanyi kazi Urusi tangu 2022.

Chakula, achana na migahawa ya watalii. Tafuta vijimgahawa vya Wauzbeki, wapo wengi mjini, na wale wanaokwepa nguruwe watakula kwa amani. Pilau yao ina nyama ya kondoo na karoti nyingi, mafuta ya kutosha, viungo vichache kuliko vyetu. Inashibisha na bei si mbaya. Kachumbari wanayo. Pilipili njoo na yako.