Shule ya msingi ya serikali mtaani kwetu Tanga, baada ya kugawanywa mbili

Wateja wanaoleta vitambaa vya sare kila mwisho wa mwaka wananiuliza swali lile lile: mtoto wa miaka sita ampeleke shule ya serikali ya hapa mtaani, au ajibane alipe ada ya inglishi midiamu? Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, na wanangu watatu wote nimewapeleka shule ya serikali. Mkubwa alishamaliza la saba yuko sekondari, wa kati yuko la tano, mdogo yuko la pili. Jina la shule naliacha. Walimu wake ni majirani zangu, na ninayoyasema hapa nimeshawaambia wenyewe mkutanoni.

Nikiambiwa niweke nyota, darasa la kwanza na la pili nayapa tano kati ya tano. Majengo nne. Vyoo nne. Chakula mbili. Madarasa ya katikati, yasiyokuwa na mtihani wa taifa, nayapa mbili, na hapo ndipo penye kazi kubwa.

Mtu mgeni asipojua ilikotoka shule hii hataona kilichobadilika. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ikafutwa, watoto walifurika. Waliokuwa wamebaki nyumbani, waliopitisha umri, wote wakaja, na ilikuwa haki yao. Madarasa hayakuongezeka siku hiyo. Binti yangu mkubwa alianza katika msongamano ule. Dawati la watoto watatu walikaa watano, na yeye alikuwa wa pembeni. Usiku nikikagua daftari naona herufi zote zimelala upande mmoja. Nikamwambia anioneshe anavyokaa, akakaa kwenye ncha ya kochi, nusu ya mwili nje, daftari juu ya paja, kiwiko hakina pa kuegemea. Mwongozo wa serikali unasema watoto 45 kwa chumba kimoja. Darasa lake lilizidi hata mara mbili ya hapo, mwalimu mmoja. Alama moja kubwa ya vema ilikata ukurasa mzima, makosa yakiwemo ndani yake, kwa sababu mwalimu angesahihisha moja moja asingelala.

Halmashauri ikaigawa shule. Nusu ya watoto wakabaki kwenye shule ya zamani, nusu wakaingia shule mpya, kiwanja kile kile, lango lile lile. Kila shule ikapata Mwalimu Mkuu wake, kamati yake na akaunti yake benki. Wazazi wengi walipinga, wakisema watoto ni wale wale na walimu ni wale wale, kinachoongezeka ni ofisi tu. Niliunga mkono kugawa, na leo naunga mkono zaidi. Mwalimu Mkuu mwenye watoto wachache anawajua. Mwanangu mdogo alipopata homa akakosa shule, kesho yake aliagizwa mtoto wa jirani aje kuuliza. Enzi za mkubwa mtoto angeweza kutoonekana wiki nzima na asiulizwe na yeyote.

Lakini kuna jambo moja lilifanyika vibaya, nalisema wazi ili shule nyingine zikigawanywa lisirudiwe. Watoto waligawanywa kwa kuhesabiwa kwenye rejista. Walimu waligawanywa kwa vichwa tu, bila kuangalia nani anafundisha nini. Shule ya zamani ikabaki na walimu wazoefu wa hisabati na sayansi, sisi wa shule mpya tukapata walimu wa Kiswahili na maarifa ya jamii kupita mahitaji. Muda mrefu madarasa ya juu yalifundishwa hisabati na yeyote aliyekuwa na nafasi kwenye ratiba. Waliokaa na orodha ile walikuwa na kila taarifa mezani, somo la kila mwalimu limeandikwa kwenye faili lake.

Majengo sitayasemea sana, yanaonekana. Vyumba vipya vilikuja kwa fedha za mradi wa BOOST, huu wa mkopo wa Benki ya Dunia kwa shule za awali na msingi, na kamati yetu ndiyo iliyosimamia manunuzi na mafundi. Kilichonifurahisha ni dari. Anayeishi Tanga anaijua masika yetu. Kwenye vyumba vya zamani, bati tupu, mvua ikianza mwalimu anaacha kufundisha, anaandika ubaoni watoto wanakili mpaka ipite. Vyumba vipya mvua inanyesha na mtoto wa nyuma anasikia. Madirisha nayo mapana, na kwa joto la Februari hilo si jambo dogo.

Vyoo ningevipa nyota tano kama matundu yangetosha. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na hatujafika. Ila maji yanatoka, mlango una komeo, na kuna chumba cha wasichana cha kujistiri chenye ndoo, sabuni na pa kutupia taka. Binti yangu mkubwa siku zake zikifika alikuwa anarudi nyumbani saa nne asubuhi na habanduki mpaka ziishe, kila mwezi. Mdogo wake anayemfuata hakosi kipindi hata kimoja kwa sababu hiyo. Wanaume wa kwenye kamati walitaka fedha za chumba kile ziende kwenye uzio. Akina mama tulikataa, na Mwalimu Mkuu akasimama upande wetu.

Sasa darasa la kwanza na la pili, sababu ya kuandika yote haya.

Tangu 2015 madarasa haya mawili yamejikita kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeendelea na msingi huo. Karatasi hiyo shule zote wanayo. Tofauti ya shule yetu ni kwamba Mwalimu Mkuu alimtoa mwalimu wake bora kabisa darasa la saba akampeleka la kwanza. Watu walishangaa. Kawaida ya shule nyingi ni kinyume: mwalimu hodari hupewa la saba kwa sababu matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, yanatoka na jina la shule, na vikao vya kata na halmashauri huulizana wastani wa la saba. Darasa la kwanza hupewa anayekaribia kustaafu, mgonjwa, au aliyegombana na ofisi.

Niliomba kukaa nyuma ya darasa, nikaruhusiwa. Mwalimu ana kadi alizokata mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti, kila kadi silabi moja. Hafundishi majina ya herufi, anafundisha sauti. Nyumbani sisi tunawaimbisha a, be, che, mtoto akija kukutana na neno "baba" anahangaika. Yeye anatoa sauti ya b, watoto wanaipokea, kisha anaiunganisha na a. Halafu wanaitwa mbele wanne wanne, kila mmoja achague kadi mbili atengeneze neno. Mtoto mmoja alichukua "ma" na "ji", akasoma "maji", darasa likampigia makofi ya kilo moja. Aliyemfuata akakwama kwenye "nya". Mwalimu hakumkaripia wala hakumrukia. Aliandika jambo kwenye kidaftari, akamwacha akae. Baadaye nilikiona kile kidaftari: kila mtoto ana mstari wake, na kwenye mstari zimeandikwa silabi zinazomshinda. Saa ya mwisho, wengine wakihesabu kwa vizibo vya soda, yeye alikaa na wale wa "nya" na "ng'" kwenye mkeka, watoto sita hivi, mpaka kengele.

Mwanangu mdogo alipofika katikati ya darasa la kwanza alikuwa anasoma vibao vya maduka Barabara ya Kumi na Mbili, huku kanishika mkono. Dada yake mkubwa alifika la tatu anasoma kwa kukisia. Mtoto aliyefika la tatu hasomi, sayansi yake ni kunakili, historia yake ni kunakili, hata hisabati ya mafumbo haiwezi, maana fumbo lazima ulisome kwanza. Kwa hiyo nikiulizwa shule za serikali ziboreshwe vipi, nasema mwalimu bora kuliko wote awe darasa la kwanza, na halmashauri ianze kumpima Mwalimu Mkuu kwa watoto wangapi wa la pili wanaosoma kwa ufasaha. Watoto hao wakifika la saba hawatahitaji kambi ya kulala shuleni.

Chakula nimekipa mbili kwa sababu ya jinsi kinavyogawiwa. Elimu bila malipo ilituachia wazazi sare, madaftari na chakula, nami silalamikii hilo. Uji ni wa mchango. Aliyechanga anakunywa, ambaye mzazi wake hajachanga anakaa chini ya mwembe mpaka wenzake wamalize. Mtoto wa miaka saba hana kosa la kuadhibiwa. Nimependekeza wazazi wanaoweza tuchange zaidi kidogo ili sufuria iwe ya wote, na wachuuzi wa mihogo na kashata wanaouza langoni nao wachangie, wapo tayari, nimewauliza. Kamati haijaamua.

Kuhusu fedha nyingine, wazazi wengi wanadhani shule inamwagiwa mapesa. Ruzuku iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni, zilizobaki ni za vitabu. Shule yenye watoto 1,000 ina milioni sita kwa mwaka mzima, kwa chaki, mitihani ya majaribio, michezo na bawaba za milango. Nayajua haya kwa sababu shule yetu inabandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kwa kalamu, mpaka bei ya kitasa. Ubao ule umepunguza maneno mtaani kuliko mkutano wowote. Tanga ni mmoja wa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora unaofadhiliwa na Uingereza, na ushirikiano wa walimu na wazazi umehimizwa sana. Kwetu umefanya kazi kwa sababu ya ubao ule. Mzazi akishaona hesabu ndipo anapokubali kuja kusomba maji ya zege.

Nimalizie na madarasa ya katikati. Wa kati wangu aliingia darasa la tatu Januari 2024, kundi la kwanza la mtaala mpya. Kwa sera iliyozinduliwa Februari 2025 elimu ya lazima ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Yeye atamaliza la sita mwaka 2027. Binti wa dada yangu, tunayeishi naye nyumba moja, alimtangulia kwa mwaka, yuko kwenye mtaala wa zamani, atamaliza la saba mwaka huo huo 2027. Wawili hawa wataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028, na ndivyo itakavyokuwa kila nyumba, kila mtaa, nchi nzima.

Huyu binti wa dada yangu, ambaye sasa yuko la sita, anaandaliwa tayari: masomo ya asubuhi na mapema, mitihani ya majaribio, walimu wanamfuata, maana mwakani ana mtihani. Huyu wangu wa la tano, vipindi vyake ndivyo vinavyoliwa. Mwalimu wa hisabati akiitwa la saba, la tano wanapewa kazi ubaoni. Mwalimu wa sayansi akienda semina, la tano wanafagia uwanja. Naliona kwenye daftari lake: tarehe zinaruka, mada moja imeanzishwa haikuisha, mazoezi hayana alama ya kalamu nyekundu. Huyu ndiye atakayekaa kidato cha kwanza dawati moja na aliyesoma mwaka mmoja zaidi yake. Walimu sitawalaumu, ni wachache na ratiba imewazidi. Ila ratiba hupangwa na mtu, na inaweza kupangwa upya.

Kwa hiyo mpeleke mtoto wako. Uandikishaji huanza Oktoba, nenda na cheti cha kuzaliwa, na ukifika usiangalie rangi ya ukuta. Omba uoneshwe darasa la pili likisoma kwa sauti, na uliza nani anafundisha la kwanza na amekaa hapo miaka mingapi.

Wenye watoto la tano na la sita, mkutano wa wazazi ni mwisho wa muhula huu. Nimeshampa mwenyekiti wa kamati ajenda mbili kwa maandishi: vipindi vya hisabati na sayansi vya la tano viandikwe ubaoni kila wiki, vilivyofundishwa na visivyofundishwa, na Afisa Elimu Kata aje atueleze Januari 2028 watoto wa makundi mawili wataingia sekondari ipi na watafundishwa na walimu wangapi. Njooni na madaftari ya watoto.