TAHADHARI: Kuna mtu anawauzia vikundi "ruzuku" ya dola 20,000 hapa Mombasa

Huyu tapeli bado yuko mjini na faili lake la ngozi, na wiki hii kavuka feri tena kuwinda vikundi. Tunaandika huku tunaona haya, kwa sababu bajeti ya kina mama aliowatapeli ilipitia mikononi mwetu.

Kikundi cha maji cha Mtongwe mnakijua, wale wa klorini ya visimani. Aliwaletea barua ya tuzo yenye muhuri wa buluu: dola 20,000, majaribio ya miezi mitatu. Asilaumiwe mtu kwa kumwamini. D-Prize ya Marekani kweli hutoa hadi dola 20,000 kwa miradi mipya ya kuwafikishia maskini kitu kilichokwisha kuthibitika kinafanya kazi. Jamaa alinakili masharti hayo, akabadilisha jina tu. Aliyekuwa amesoma habari za ruzuku ndiye aliyenasa haraka zaidi.

Kwanza alichukua KSh 4,500, "ya kufungua faili". Siku ya tatu akataka KSh 18,000, ati kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, itangulie ndipo benki iachie pesa. Mweka hazina akamuuliza, si ikatwe humo humo kwenye dola? Akajibiwa kwa upole kabisa: "Mama, pesa ya mfadhili haiguswi kabla haijatua." Simu ikatolewa, namba ikaandikwa, M-Pesa ikaleta jina la mwanamke fulani, mtu binafsi. Mama akasita, kidole juu ya kitufe. "Huyo mhasibu wetu," akaambiwa. PIN ikaingia. Ilikuwa pesa ya chama, zamu ya mama wawili waliokuwa wakiingoja kwa karo. Kufika magharibi, jamaa hapatikani. Ujumbe wa muamala ulipelekwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, kesho yake asubuhi, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa, na iliyokwisha kutolewa hairudi kwa njia hiyo. Ukituma vibaya, peleka 456 dakika ile ile, usilale nayo.

Kibaya zaidi, hakuuliza lolote kuhusu maji. Mfadhili wa kweli angewabana: mililita ngapi za klorini kwa dumu la lita 20 (ni 3, ikiwa ya asilimia 1.25), nani atajaza tangi la klorini likiisha, kila kaya itagharimu shilingi ngapi. Yeye aliuliza tu nani anashika pesa.

Mtu kama huyu mahali pake ni gereza la Shimo la Tewa, wallahi, na huyo "mhasibu" amfuate. Anakula jasho la wauza mahamri! Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 ipo, itumike.

Haya, dalili. Ruzuku ya kweli hailipiwi ada ya kuipokea. Kodi ina namba yake ya malipo kutoka iTax, mtandao wa KRA, na hulipwa Paybill 222222, haiendi kwenye simu ya mtu. Pesa huja kwa mkataba, kwenye akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Akisema ana kampuni, itisheni CR12, hati ya usajili ya kampuni, kwa eCitizen muone wakurugenzi. Barua pepe yake pia ilikuwa ya bure bure tu.

Kama mmemlipa, hifadhini jumbe za M-Pesa na mwende kituo cha polisi mkaandikishe OB, yaani ripoti kwenye daftari lao. Kina mama wa Mtongwe wana yao tayari. Jana kaonekana Kongowea, shati jeupe, faili lile lile kwapani.