Uzoefu wangu wa kutumia skana moja kwa kompyuta zote za Linux nyumbani

Nyumbani tuna skana moja ya mezani, ya waya wa USB, isiyo na Wi-Fi wala tundu la kebo ya mtandao, na kompyuta kadhaa zinazotumia Linux. Nimeichomeka kwenye kompyuta ndogo iliyo karibu na ruta, ambayo huwa imewashwa muda wote, na kila mmoja wetu huskani kutoka kwenye kompyuta yake kwa kutumia SANE, mfumo wa skana unaokuja na matoleo mengi ya Linux. Nimeutumia mpangilio huu kwa muda wa kutosha kuusemea: unafanya kazi vizuri kiasi kwamba sioni sababu ya kununua skana mpya ya mtandao, ila kuna mambo mawili ambayo humkatisha mtu tamaa mapema asipoelezwa.

Uzuri wa SANE ni kwamba tangu mwanzo imetenganisha dereva, yaani programu ndogo inayozungumza na skana, na programu anayoitazama mtumiaji, kwa hiyo sehemu hizo mbili zinaweza kukaa kwenye kompyuta tofauti bila programu kujua. Upande wenye skana kuna huduma iitwayo saned, inayosikiliza kwenye poti (mlango wa mawasiliano ya mtandao) namba 6566. Upande wa pili kuna dereva iitwayo net. Katika faili la saned.conf niliandika 192.168.1.0/24, yaani kompyuta zote za mtandao wetu wa nyumbani zinaruhusiwa; kisha kwenye kila kompyuta nyingine niliandika anwani ya ile yenye skana katika net.conf, nikahakikisha neno net limo ndani ya dll.conf, faili lenye orodha ya madereva ambayo SANE huyatumia. Nilipowasha saned.socket kupitia systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma, huduma yenyewe ikawa inaamshwa pale tu mtu anapoomba kuskani, jambo ninalolipenda sana kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo.

Jambo la kwanza kati ya yale mawili ni ruhusa. Unaweza kutoa amri ya scanimage -L, inayoorodhesha skana zinazoonekana, kwenye kompyuta yenye skana ukaiona skana bila shida, halafu kompyuta nyingine zote zikasema hakuna kifaa. Sababu ni kwamba wewe uliyeingia kwenye kompyuta umepewa ruhusa ya kugusa kifaa cha USB, ilhali saned, angalau katika Debian, hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake yenyewe, naye huenda hana ruhusa hiyo. Kipimo cha kuaminika ni sudo -u saned scanimage -L, yaani amri ileile kwa jina la mtumiaji saned. Ikiwa amri hiyo haioni skana, usipoteze muda kuchokoa mtandao, bali mwingize saned katika kundi la scanner, au lp kwa baadhi ya mashine zinazochapa na kuskani. Baada ya hapo, kompyuta ya mbali huonyesha jina la kifaa linaloanza na net:, likifuatiwa na anwani, jina la dereva na nambari za USB.

La pili ni faiawoli, yaani kinga inayozuia mawasiliano ya mtandao yasiyoruhusiwa, na hili linachanganya zaidi kwa sababu skana huonekana kwenye orodha, programu hufunguka, lakini ukibonyeza kuskani kila kitu hukwama. Poti 6566 hubeba mazungumzo tu. Picha yenyewe hupita kwenye poti nyingine inayochaguliwa papo hapo. Dawa yake ni kuandika data_portrange = 10000 - 10100 katika saned.conf ili poti hiyo ichaguliwe kati ya namba hizo tu, kisha kufungua poti hizo kwa kompyuta za nyumbani peke yake.

Kuhusu kasi, ukurasa wa A4 wa rangi kwa nukta 300 kwa inchi ni takriban megabaiti 26 za data isiyobanwa, na kwa nukta 600 hupita megabaiti 100. Kwa kebo sioni tofauti na kuskani papo hapo. Kwa Wi-Fi dhaifu, taa ya skana husimama katikati ya ukurasa na kurudi nyuma kidogo ikisubiri data iondoke, hivyo barua za kawaida naziskani kwa rangi ya kijivu, ambayo ni theluthi ya mzigo huo na husomeka vizuri kabisa.

Kasoro zipo. Vitufe vya kwenye skana havina kazi kwa anayeskani kutoka mbali, na watu wawili hawawezi kuitumia kwa wakati mmoja. Skana ikichomolewa na kuchomekwa tena, nambari ya USB ndani ya jina lake hubadilika, na programu iliyokuwa imelikariri jina la zamani huhitaji kuitafuta upya. Kubwa zaidi, saned haisimbi data kwa njia fiche, kwa hiyo poti hizi zisifunguliwe kamwe kwa intaneti, hasa ukikumbuka kwamba tunaskani vyeti na nyaraka za benki.

Mwenye skana ya kisasa ya mtandao inayotumia eSCL, lugha ya kuskani isiyohitaji dereva maalumu, hahitaji saned hata kidogo, kwani dereva ya SANE iitwayo sane-airscan huipata yenyewe mtandaoni. Na kama nyumbani kuna pia kompyuta za Mac, programu iitwayo AirSane husakinishwa kwenye kompyuta ileile yenye skana, ikaitangaza skana ya USB kwa eSCL, huku kompyuta za Linux zikiendelea na saned kama kawaida.